Maonyo Yangu Kuhusu Linux

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: itakuwaje kompyuta ya dada wa ofisini ikikataa kuwaka kwa sababu yangu? Humo ndimo ilimokuwa programu ya kupima majani ya chai, ambayo wakulima wa Dindira walikuwa wakiisubiri. Dindira ni kwetu, na nyumbani walishawatangazia majirani kwamba mtoto wao ni mmoja wa wanaoitengeneza. Ikipotea, nitapanda kule mlimani na sura gani?

Ofisi yetu iko Chanika, Handeni, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tuko watatu: kaka mwenye ofisi, dada aliyeandika sehemu kubwa ya programu ile, na mimi niliyetoka chuoni juzijuzi. Kompyuta zilikuwa zimechoka. Kila flashi ya mteja ilikuja na virusi vyake, na asubuhi ungewasha mashine, ukaenda kununua chapati, ukarudi bado inajivuta. Chuoni, kwenye mashine za maabara, nilikuwa nimeizoea Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Niliona utawafaa. Ila nilikaa nalo moyoni muda mrefu, nikihofia wataniona najifanya.

Siku nilipowaeleza, kaka alisema tuanze na kompyuta ya dada kwa kuwa ndiyo iliyokuwa taabani. Nikashauri tuuwashe mfumo kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Kisha nikaanza kutoa maonyo: kuhusu mtandao, kuhusu printa, kuhusu kibodi, kuhusu mashine kupata joto. Katikati nikasema pia kwamba mfumo ukiwashwa hivyo haukumbuki kitu, kwa hiyo kazi ihifadhiwe mahali pengine. Nikaendelea na mengine.

Mashine ikawaka vizuri. Dada hakuniuliza hata kitufe kimoja kiko wapi. Alitafuta mtandaoni msimbo wa amri ndogo ya kupanga majina, akausoma mstari kwa mstari.

"Hivi wameacha wazi tu, kila mtu aone?"

Nikamwambia ndiyo. Akavuta kiti karibu. Mpaka alasiri alikuwa akiandika sehemu ya risiti za wakulima humohumo, nami nikimtazama kwa furaha niliyojitahidi kuificha.

Umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ile ilishakufa zamani. Umeme uliporudi tulikuta programu yenyewe iko salama kwenye diski, lakini risiti, kazi ya mchana kutwa, hazikuwepo.

Nilianza kuomba radhi, dada akanikatiza. Yeye ni Mzigua, mimi Msambaa. Sisi ni watani, na mtani hapimi maneno.

"Mtani, umetuonya mpaka habari za joto," alisema. "Nyie wa milimani hata mkishuka tambarare bado mnaogopa kuporomoka. Hilo moja ungelisema peke yake, ningelisikia."

Kaka alicheka mpaka akavua miwani. Dada alikuwa ameshaanza kuandika upya, safari hii akihifadhi kwenye flashi nyingine, na risiti zilitoka fupi na safi kuliko za mwanzo. Alipoteza kazi ya siku nzima na hakuilalamikia hata kidogo. Mimi ningeilalamikia wiki nzima. Mpaka leo namhusudu kwa hilo.

Alipomaliza aligeuza kiti.

"Nimeupenda. Ila nikuulize, ya kwako inatumia nini?"

Nikamwonyesha. Kompyuta yangu ilikuwa bado na mfumo wa zamani. Tangu nihitimu nilikuwa nasoma mtandaoni visa vya watu waliohama, na kila nikikaribia kuamua napata kisa kingine cha kusoma.

"Kumbe," akasema. "Unataka nihamie nyumba ambamo mwenyewe hujalala. Tangulia. Nikiona yako inawaka, yangu nakukabidhi."

Nikaazima diski ya kaka, nikanakili mafaili yangu yote, nikafungua moja moja kuhakikisha yanasomeka. Mfumo ukaniuliza kama kweli nataka kufuta kila kitu na kusimika Linux. Wote wawili walikuwa wamesimama nyuma ya kiti changu. Nikabonyeza ndiyo.