Bibi Aliyejikinga Uso

Juzi, pale reception ya nyumba moja ya wazee Kitengela, nikiwa nimepeleka CV, dada mmoja alikuja na mamake kukagua nyumba hiyo kabla ya kumwacha hapo. Meneja akaimba: "Madam, tuko na tiles, hot shower, TV room."

Dada akamwinamia bibi mmoja wa hapo aliyeketi kwa benchi. Bibi akamwekea mkono kichwani, salamu ya Kimaasai. Kisha nesi akainua mkono amfunge bibi leso kichwani, bibi akajikinga uso kwa viwiko.

"Ni uzee tu, madam," meneja akasema.

"Na mbona mimi hajaniogopa?" Akamgeukia mamake. "Yieyo, twende."

"But hujaona TV room!"

Njaa ya kazi niko nayo, lakini CV nilirudi nayo. Nawe ukitafutia mzazi mahali, usiulize meneja kitu. Tazama wazee, nesi akikaribia.