Nimewajengea Watoto wa Bosi Gari kwa Bodi Zilizommaliza Mdogo Wangu

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana nikijulikana nitafutwa kazi kabla jua halijatua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, naishi mtaa wa Huruma na mdogo wangu wa tumbo moja. Nitamwita Nafula. Ana miaka ishirini na minne, na tangu wazazi wetu wafariki mimi ndiye mama yake. Nafanya kazi kwenye yadi moja ya Industrial Area. Tunachukua vani tupu tunazigeuza nyumba za kutembea: kitanda, makabati, jiko dogo, za kukodishia watu wanaoenda kupiga kambi. Kazi yangu ni kukata bodi za mbao, kuzibandika kwa gundi, kisha kuzivalisha kitambaa ili zisionekane.

Mwaka jana nilimwombea Nafula kazi hapo. Nilimpeleka mimi mwenyewe, na hilo linanichoma mpaka leo.

Bosi wetu ana sheria moja. Gari likishawekwa bodi, madirisha hayafunguliwi na nailoni za viti hazitolewi. Anasema mteja analipia kunusa upya. Na kweli, wateja wakiingia huvuta pumzi wakasema, "Aii, hii bado mpya kabisa!" Wao walikuwa wakinusa dakika mbili. Sisi tulioshinda humo tulilia machozi kama watu wanaokata vitunguu. Dawa ya bosi ilikuwa paketi moja ya maziwa kwa kila mtu, kila saa sita mchana. "Kunyweni, yanaosha kifua." Tulikunywa tukiamini, kwa sababu mtaani kwetu kila anayefanya kazi ya rangi au vumbi hunywa maziwa. Nafula alipoanza kukohoa nilikuwa nikimpa na nusu ya yangu.

Huyu msichana ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya yetu. Leo akipanda ngazi kwenda kwetu ghorofa ya nne anakaa chini mara mbili. Nilimpeleka kliniki, daktari akauliza anafanya kazi gani. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. Alisema bodi za bei rahisi na gundi yake zikiwa mpya hutoa gesi inayoitwa formaldehaidi, na ikifungiwa ndani inachoma macho, koo na kifua. Alisema gari kama hilo linataka kuachwa wazi wiki nyingi. Nikamuuliza, na maziwa je?

"Mama, maziwa yanaenda tumboni," akasema.

Nilimweleza bosi kwa heshima zote. Alinijibu mbele ya wenzangu, "Hiyo ni TB ya Huruma. Mnawasha jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, halafu mnasingizia mbao zangu?" Wiki hiyo hiyo Nafula akaambiwa asirudi. Alikuja nyumbani na paketi yake ya maziwa ya siku ile kwenye mfuko, hakuwa ameifungua.

Pengine ningeyameza hayo yote. Lakini mwezi uliopita bosi alileta vani yake mwenyewe, ya kupeleka familia likizo, pamoja na rundo la bodi nyingine, nzito, zisizo na harufu hata kidogo. "Usichanganye hizi na zile zingine," akaniambia. "Hii gari watoi wangu watalala ndani."

Jamani, nilisimama pale na tepu mkononi nikaelewa. Kumbe alijua! Siku zote akitugawia maziwa alikuwa anajua.

Basi nilichanganya. Bodi nzuri nikaziweka kwenye gari la mteja. Zile zilizommaliza Nafula nikazipanga kwenye gari la bosi, juu, chini, mpaka kichwani mwa kitanda cha watoto, na gundi nikaipaka bila uchoyo. Nikavalisha kitambaa, nikafunga kila dirisha. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na siwafichi, niliifanya nikiimba. Bosi alipokuja kukagua alipangusa macho akauliza mbona kunawasha. Yadi nzima inanuka hivyo, hakushuku kitu. "Ni upya, bosi," nikamwambia. "Kunywa maziwa." Akacheka. Nami nilicheka, kwa sababu zangu.

Nilimweleza Nafula nikidhani atanikumbatia. Alisubiri pumzi imrudie, kisha akasema, "Sista, hao watoto walinifanya nini?" Nilikasirika nikamwambia anyamaze, ni kwa ajili yake. Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo.

Jana bosi alimleta binti yake wa miaka minne aone gari. Mtoto aliruka ruka kitandani huku babake akiongea na simu nje, na mlango ulikuwa umefungwa, kwa sheria ya babake. Aliposhuka alikuja kwangu akisugua macho, amekohoa mara tatu. Anatujua, huletwa yadi mara kwa mara, amekuwa akituona tukinywa. Akanivuta aproni. "Auntie, macho inaniuma. Nipe ile maziwa ya Auntie Nafula."

Nilimpa. Nilimfungulia paketi kwa meno yangu, nikamwambia anywe, yanaosha kifua.

Wanaondoka Jumamosi. Nikisema ukweli nafukuzwa siku hiyo hiyo, na dawa za Nafula zinatoka kwenye mkono huu. Nikinyamaza, bosi ataonja alichotulisha, na Mungu anajua bado nataka aonje. Msiniambie nimsamehe, hilo sijauliza. Ninachouliza ni huyu mtoto. Tangu jana sijaweza kumwangalia Nafula usoni. Nishaurini, nifanye nini?