Wiki za Kunong'ona za Kengele

Wifi yangu ndiye anayeita kesi mahakamani, na sote tunamwita Kengele. Jina hilo alilipata kabla ya ugonjwa, na ugonjwa ulipokuja hakulirudisha.

Miaka kumi na moja iliyopita koo lilianza kumkaba kila akitaka kusema. Maneno yakawa yanakatikakatika. Wapo waliosema ni woga, wengine jicho la watu. Daktari akasema ni misuli ya kooni inayojikaza yenyewe. Haiponi, ila sindano huituliza. Basi kila baada ya miezi mitatu hulala chali, wakamchoma hapa mbele ya shingo. Mimi humshikia mkoba na kutazama ukuta. Yeye hushuka kitandani akinicheka woga wangu, kwa kunong'ona, maana wiki mbili za mwanzo sauti huwa pumzi tupu, na hata maji huyanywa kidogo kidogo yasimpalie. Kisha sauti hurudi, na korido nzima husikia.

Wiki hizo mbili huzichukulia likizo kazini. Mwaka huu akaja hakimu mpya, akaisogeza likizo yake bila kuuliza mtu. Sindano ilikwishaingia.

"Huyu anayenong'ona atamwita nani?" hakimu aliniuliza mimi, karani wa masjala, kana kwamba mwenyewe hayupo. "Kuanzia kesho mchukue kwenu masjala, apange mafaili."

Nilipandwa na hasira, nikafungua mdomo. Kengele akanikanyaga mguu.

"Leo bado zamu yangu, mheshimiwa," akanong'ona, akatoka.

Koridoni kulikuwa na kelele kama sokoni. Akasimama mlangoni, faili kifuani, akainua kidole. Mawakili na askari wa siku zote wakaelewa, wakapaza sauti.

"Nyamazeni! Kengele anaita!"

Zogo likazimika. Akanong'ona jina. Aliye karibu akalipokea, akampa wa nyuma yake, hadi benchi la mwisho mzee mmoja akainuka. "Nipo!"

Kesi kumi na nne ziliitwa hivyo, na hakuna aliyepitwa. Hakimu, ambaye wiki nzima alikuwa akigonga meza kudai utulivu, siku hiyo hakugonga hata mara moja.

Kazi ilipokwisha alimwita. Nikamfuata wifi yangu, ulimi nimeshaunoa. Hakimu akafungua shajara.

"Sindano ijayo lini?"

Kengele akamtajia. Hakimu hakusikia. Akainuka kitini, akaizunguka meza, akainamisha kichwa.

"Samahani, dada. Rudia."

Akarudia, na hakimu akaiandika tarehe ile kwenye safu ya likizo. Masjala nimebaki peke yangu na mafaili yangu, na sijalalamika.