Neno Lililoleta Ng'ombe

Huwa naongea peke yangu. Si kunung'unika, naongea kwa sauti, nikitembea kando ya ua wa mkonge nyuma ya simba yangu, yaani kile kibanda ambacho kijana wa Kijaluo hujijengea katika boma la wazazi kabla ya kuoa. Watu wa riwaya yangu hawakubali kuandikwa kabla sijawasikia, kwa hiyo nawaazima kinywa. Mjane anamfokea karani, karani anajitetea, mjane anamzaba kofi, na mkono unaopiga hewa ni wangu. Anayepita kwenda soko la Rangwe humwona mtu mzima akigombana na mkonge.

Watu wa kwetu wana maneno ya jambo hili, na niliyajua kwa jinsi yalivyokatika nilipokaribia. Wazee walisema nina mambo yangu. Akina mama wa kanisani walisema vitabu vimeniingia. Vijana wa bodaboda walisema nyaya zimegusana, na walilisema kwa upendo, kama jina la utani. Mama alisema, "Yuko kazini," kisha akauliza habari za mvua. Neno moja tu hakuna aliyelitamka, la Kijaluo: janeko, mwenye wazimu. Hilo halimwangukii mtu mmoja. Huiangukia nyumba nzima, na dada zake wamo ndani.

Ndiyo maana, dada yangu mdogo alipopata mchumba, mama alikuja akasimama kwenye mlango wa simba yangu bila kuingia. Mchumba alikuwa Mkuria, fundi wa pikipiki mjini Migori, na watu wake walikuwa tayari kuleta mahari. Lakini kabla ng'ombe hawajatoka zizini, wanawake wa upande wa mwanamume hutangulia kimyakimya. Hujifanya wamekuja kununua kitu, halafu huwauliza majirani: kule kuna ugonjwa wa kichwa? Kuna mchawi wa kukimbia usiku? Hakuna anayewakasirikia. Sisi tungefanya vivyo hivyo.

"Baba," mama akaniambia, kama anavyoniita akitaka kitu, "si uende kwa shangazi yako Magunga kidogo?"

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Sijachoka, mama."

Alitazama vidole vyake vya miguu. "Dada yako hali chakula siku hizi. Nenda tu, baba."

Nilifunga begi. Dada yangu alikuwa anafua, na nilipopita aliinamisha uso kwenye karai mpaka nikavuka lango.

Nilikaa sokoni nikingoja gari, kwenye kibao cha jirani yetu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Wakaja wanawake wawili waliovaa vizuri kuliko siku ya kawaida ya soko.

"Omena hii ni ya leo?" aliuliza yule mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani mwa Tanzania, kimenyooka kuliko chetu.

"Ya leo, mama. Onja."

Hakuonja. "Na lile boma lenye ua wa mkonge, ni la nani?"

Jirani akajua. Mimi pia nikajua. Nilishusha kofia.

"La mjane mmoja. Mtu wa kanisa huyo."

"Binti yake tunamsikia ni mzuri. Lakini tunasikia kuna kijana pale anaongea na miti."

"Si miti. Ni mkonge."

"Na anauambia nini huo mkonge?"

Jirani alijaza mkebe omena, akaongeza kidogo juu, akapoteza muda kuifunga. Alinitupia jicho. Nilijua anatafuta neno, na mimi ambaye kazi yangu ni maneno sikuwa na la kumpa. Mwandishi? Wangeuliza anaandikia ofisi gani. Ana mambo yake? Kwa mgeni, hapo ndipo maswali yangeanza.

"Ah, yule," akasema. "Ni pombe tu."

"Pombe?"

"Anakunywa huyo. Asubuhi utamkuta ameshaanza. Mama yake amelia mpaka amechoka."

Wanawake walitazamana, na niliona mabega yao yakishuka. "Pombe si kitu," alisema mkubwa. "Hata kwetu wako. Mume wangu anaongea na ng'ombe."

"Na wanamjibu?"

"Siku watakapomjibu narudi kwa mama yangu."

Walicheka wote watatu. Kisha akanigeukia. "Na wewe kijana, unamjua huyo mlevi?"

"Namjua," nikasema. "Anakunywa kweli."

Sikuwa nimewahi kuonja pombe. Walipoondoka, uso ulikuwa unaniwaka, na jirani alikuwa akipanga upya omena ambazo zilikuwa zimepangika.

"Usininunie," alisema. "Pombe mtu anaokoka, anaacha. Hilo lingine nani anaokoka?"

Gari la Magunga sikulipanda; mlevi hakuna haja ya kumficha. Jumapili akina mama waliniombea kwa sauti, kanisa zima, nitoke katika utumwa wa chupa. Mama alikuwa mstari wa mbele. Alijua ukweli, na alijua bei ya ukweli. Wenzake walipomaliza, alisema amina, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyelazimishwa kusalimia.

Ng'ombe walikuja, wazuri, wenye pembe pana. Dada yangu alikula siku hiyo. Wakati wazee wakiwa mezani, mzee mmoja wa Kikuria alinishika mkono akanipeleka nyuma ya simba, penye mkonge. Alikuwa amefika na yule mama mkubwa wa sokoni, nikamtambua kabla hajajieleza: ndiye anayeongea na ng'ombe. Alitoa chupa ndogo ndani ya koti.

"Nimekuletea, mwanangu. Najua hapa ni nyumba ya maombi, utateseka mpaka jioni."

Nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, mke wake alikuwa anatutazama. Mama alisimama kando yake, mwiko mkononi. Nikanywa. Iliniunguza hadi machozi yakanitoka, na mama akageuka ndani.

Mzee alikuwa anautazama mkonge. "Huwa unauambia nini?" aliuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli. Katika miaka yote hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Nikilewa sikumbuki," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, akichungulia kama mke wake anasikia, "Mimi nikiongea na wale ng'ombe huwa sijanywa."

Alinitazama, akingoja. Mke wake alikuwa bado mlangoni. Nikainua chupa, nikanywa tena.