Oili Nyepesi ya Gari Jipya

Gari letu jipya lilikuwa na umri wa miaka saba. Nasema jipya kwa maana tunayoitumia sisi: Mjapani mmoja alikuwa amelichoka, likapakiwa melini, likashushwa Mombasa, nasi tukalipokea kwa shangwe. Mke wangu alikataa nailoni za viti zitolewe. Kwa karibu mwaka mzima tuliketi juu ya nailoni huku joto la Kathonzweni likitupika taratibu, na kila aliyepanda aliambiwa asiikwaruze.

Siku ya pili nilifungua boneti. Nilitaka majirani wanione nimefungua boneti. Kwenye kifuniko cha pale oili ya injini inapomiminwa, niliona maandishi: 0W-20. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Dini, na yote niliyoyajua kuhusu injini yangeandikwa kwenye ukucha wa kidole kidogo na nafasi ikabaki. Lakini nina ugonjwa wa walimu, siwezi kupita neno nisilolielewa. Nikaanza kusoma.

Kwa majuma matatu nilisoma kuhusu oili kuliko nilivyowahi kusoma nikiwa chuoni. Niligundua kwamba namba hizo ni kipimo cha uzito na wepesi: kadiri zinavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka upesi. Injini za siku hizi zimebanwa, nafasi kati ya chuma na chuma ni nyembamba mno, na oili nzito huchelewa kufika inakohitajika gari linapowashwa asubuhi. Nyepesi hufika mara moja, tena huokoa petroli kidogo. Yalikuwa maelezo ya kuridhisha kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyeyajua kuanzia Kathonzweni hadi Kibwezi.

"Mwalimu, hiyo ni ya watu wa baridi," muuza spea wa mji wa Wote aliniambia. "Huku kwetu joto ni mob. Itayeyuka yote iishe."

"Si ni oili? Si tayari imeyeyuka?"

Alinitazama kwa huruma. "Haya basi. Lakini usiseme sikukwambia."

Shemasi mmoja wa kanisa letu naye alinivuta kando baada ya ibada, akanishauri nitumie oili nzito aliyoitumia yeye maisha yake yote. Pikapu ya shemasi huyo hutoa moshi mwingi kiasi kwamba tunajua amefika kabla hatujamwona. Nilimshukuru. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua: gari lingekunywa kile kilichoandikwa kwenye kifuniko.

Lakini kulikuwa na baba.

Baba yangu aliendesha malori ya barabara ya Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu na kurudi nyumbani Mbooni, milima ile yote ilimfanya kuwa hospitali ya injini. Mashine za kusaga unga, pampu za maji, pikipiki za bodaboda, vyote vililetwa kwake. Hakuwa na vifaa vingi. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akachukua tone moja, akalisugua polepole kati ya kidole gumba na cha shahada huku amefumba macho, kisha akatoa hukumu. Imechoka. Imeingia maji. Hii umeuziwa feki. Hukumu hiyo haikuwa na rufaa, na sikumbuki siku aliyokosea.

Nyumbani kwetu gari jipya haliendi popote pa maana kabla halijapelekwa kwa wazazi. Linaombewa, watu wanakula, na katika ukoo wetu kuna kipengele kimoja zaidi: baba humimina oili ya kwanza kwa mkono wake. Alifanya hivyo kwa mashine ya kusaga ya mjomba, kwa pikipiki ya dada yangu, hata kwa jenereta ya kanisa. Gari ambalo baba hajalimiminia oili ni gari la mtu mwingine tu ulilolikalia.

Kwa hiyo sikuwa naogopa kwa ajili ya injini peke yake. Shamba, baba alikuwa amemwachia mama. Kanisani alikuwa amepewa kiti cha mbele na kazi ya kuketi juu yake. Mwaka uliotangulia, zahanati ilikuwa imemwambia ana sukari, naye alilichukulia jambo hilo kwa uzito wake: alipunguza vijiko vya sukari kwenye chai kutoka vinne hadi vitatu, na vidonge akavimeza siku alizojisikia mgonjwa. Kitu pekee kilichobaki kuwa chake kabisa ni vile vidole viwili. Kusimama mbele ya jamaa zake na kusema vidole hivyo vimepitwa na wakati, sikuwa na moyo huo.

Tulipanda Mbooni Jumamosi. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kutafuta sweta. Niliona ni kichekesho kwamba mtu anayeishi kwenye baridi ile ndiye angenihubiria habari za joto. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, akakemea ajali, wizi na roho ya matumizi mabaya ya petroli. Kisha akapaka boneti mafuta ya zeituni, na hakuna aliyeuliza ni namba ngapi.

Baba alitoka ndani akiwa amebeba galoni ya lita nne kwa mikono miwili. Ilikuwa oili nzito, ile ya malori yake. Alikuwa ameinunua mwenyewe na kuifunika kwa kitambaa, mtu angedhani ni keki.

"Nau," nilimwambia. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikamba. "Hapa kwa kifuniko wameandika namba. Sifuri, ishirini."

Alivaa miwani akasoma. "Sifuri?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mwalimu. Kuna mtoto umeshapatia sifuri akapita?"

Watu walicheka mpaka mchungaji akashika tumbo. Baba akaingia chini ya gari mwenyewe, akafungua nati, na oili ya Mjapani ikaanguka karaini upesi, haina utelezi wa maana machoni pa mtu yeyote. Akachovya vidole, akasugua, akafumba macho.

"Aiya! Hii ni ya cherehani," akatangaza. "Walikuwa wanataka kuua mtoto wangu kwa barabara."

Akamimina yake. Ilishuka taratibu na nene, na wajomba wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikasema, "Asante, Nau." Mama alinitazama akajua, maana mama hunijua, lakini akaenda kupakua wali.

Jumatatu saa nne niliomba ruhusa shuleni nikaenda Wote. Nilimwambia makanika amwage oili yote ya baba na kuweka nyepesi, filta pia. Muuza spea alikuja kutazama kwa macho yake mtu anayemwaga oili iliyokaa siku mbili. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Nilirudi Kathonzweni nikiwa na furaha ya ajabu, na aibu iliyokuwa nyuma yake sikuipa nafasi.

Mwisho wa mwezi ule tulipanda tena Mbooni. Sikuwa nimezima gari vizuri baba alipofungua boneti. Nilisimama kando yake. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima, yenye utangulizi na hitimisho. Akachomoa kijiti, akachukua tone, akasugua, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Nzito," akasema. "Unasikia vile injini imetulia?"

Sikuamini. Nilimeza hotuba yangu nikasema ndiyo, imetulia sana.

Tulipoteremka mlima siku hiyo, mke wangu na mimi tulicheka hadi nikalazimika kusimamisha gari. Vidole vyenye hukumu isiyo na rufaa, na vimeshindwa kutofautisha oili nzito na ya cherehani! Jumatatu niliwasimulia walimu wenzangu kisa hicho, na nikakisimulia vizuri, nikifumba macho na kusugua vidole. Wakaniomba nirudie. Kwa miezi minane nilikirudia kila mwisho wa mwezi, maana kila mwisho wa mwezi baba alichomoa kijiti, akasugua, akasema nzito. Akaanza kuwaleta majirani. Aliwaeleza jinsi gari langu lisivyokunywa petroli sana, na kwamba siri ni ile oili yake. Nami nilisimama pale nikiitikia kwa kichwa, nimeshinda kabisa.

Mara ya tisa tulifika mchana, injini imetoka kupanda mlima wote ikiwa moto. Baba alikuwa amemleta mwenye mashine ya kusaga ili amwonyeshe. Aliinama akieleza, mkono wa kulia ukiwa na kijiti, na wa kushoto akauegemeza juu ya injini ili ajishikilie. Akaendelea kueleza. Alieleza habari za mteremko wa Mtito na lori lililokuwa na mzigo wa saruji. Mimi nikasikia harufu. Nilidhani ni mpira unaungua, nikainama kutafuta waya.

Mwenye mashine ndiye aliyepiga kelele. "Mzee, mkono! Mkono wako unaungua!"

Baba aliuinua mkono akautazama. Ngozi ya kiganja ilikuwa imebaki kwenye chuma. Hakulia, hakuurusha nyuma, aliutazama tu kwa mshangao, halafu akauficha mfukoni mwa koti.

"Ni kidogo," akasema.

Nilimpakia garini, nailoni au si nailoni, nikateremka naye hadi hospitalini, mama akiwa kiti cha nyuma akiomba kwa sauti. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka. Alimfunga baba mkono kwa bandeji, kisha akamvua viatu na soksi bila kuambiwa. Chini ya mguu wa kushoto palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda, cheusi pembeni. Msumari mdogo ulikuwa umetoboa soli ya kiatu, na baba alikuwa ameukanyaga kwa majuma bila kujua. Mama alisema aliona madoa kwenye soksi akadhani ni udongo.

Daktari alichukua kiuzi kigumu cha plastiki. Akamwambia baba afumbe macho na aseme ndiyo kila anapoguswa, miguuni kwanza, kisha vidole vya mikono. Baba alisema ndiyo mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. Mara nyingi kati ya hizo daktari hakuwa amemgusa.

"Sukari imeua hisia zake. Amekuwa hivi tangu lini?" aliniuliza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa najua jibu. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu hilo kuliko mtu yeyote pale, nilikuwa nalisimulia kwenye chumba cha walimu kila mwezi nikifumba macho. Nikasema, "Kama miezi minane." Nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kujichukia tena.

Walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Walituambia ni bahati, kwamba wengine hukatwa mguu. Siku ya tatu nilimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji, anakunywa uji usio na sukari kwa uso wa mtu anayeonewa. Mama alikuwa ametoka kwenda kununua ndizi. Nikavuta kiti.

"Nau, ile oili yako niliimwaga. Jumatatu ile ile. Gari liko na ile nyepesi tangu hapo."

Aliweka kikombe chini polepole. Nilingoja anitukane, na ningefurahi akinitukana.

"Yote?"

"Yote."

"Hata mimi sikuwa nasikia kitu," akasema. "Tangu kabla ulete gari. Ile siku ya maombi niliona tu kwa macho vile ilikuwa inamwagika. Hizo siku zingine nilikuwa nasema ni nzito kwa sababu ni mimi nilikuwa nimeiweka."

"Si ungeniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ulikuwa unaitikia."

Nililia, naye akatazama dirishani ili nilie vizuri. Ningemwambia ukweli mwezi ule wa kwanza, mbele ya boneti, uongo wake ungeanguka hapo hapo pamoja na wangu, na tungefika hospitalini akiwa na vidole vyake vyote. Nilikuwa nimechagua kumlindia heshima, na heshima hiyo tuliilipia kwa mwili wake.

"Na hiyo nyepesi," akauliza baadaye, "injini inasemaje?"

"Imetulia."

"Basi endelea nayo."

Kisha akausogeza mguu wa kulia kuelekea kwangu chini ya blanketi.

"Niangalie huu mwingine," akasema. "Kama kuna kitu, mimi siwezi jua."

Nilifunua blanketi, nikauweka mguu wake kwenye magoti yangu. Niliutazama kidole kwa kidole, katikati ya vidole, kisigino, soli yote, nikamwambia kila nilichokiona.