Sahihi Niliyokataa Kuitia

Katika kampuni ndogo inayohudumia migodi, hapa Geita, nilikuwa na jukumu la kuthibitisha kila robo mwaka kwamba skana, programu inayosaka udhaifu wa kiusalama katika kompyuta zetu, imepangwa sawasawa. Kwa miaka mitatu nilithibitisha kwa kufungua kurasa za skana na kutazama kama zina rangi ya kijani, alama ya usalama. Nikiri: mara nyingi nilitazama juu juu, nikatia sahihi.

Mwaka jana nafsi ilinisuta. Niliandika skripti fupi, amri chache tu, iliyoitaka skana itoe mipangilio ya kila sera ya ukaguzi na kuihifadhi katika faili la maandishi. Humo hamkuwa na rangi ya kijani ya kumliwaza mtu. Mlikuwa na maneno makavu, nayo yalisema kwamba kompyuta zinazoongoza feni za kupeleka hewa chini ya ardhi zilikuwa zimeondolewa kwenye ukaguzi. Ukurasa uliendelea kuwa wa kijani kwa sababu kisichokaguliwa hakionekani kuwa na kosa.

Nilimpelekea mkuu wa kitengo, kijana niliyemzidi miaka kumi.

"Mama, skana iligandisha zile mashine, nikazitoa," alisema. "Wewe saini tu. Wakaguzi wanafika kesho."

"Basi andika kwamba umezitoa."

Alicheka. "Hiyo dhamiri yako itakuletea njaa."

"Njaa tunajuana, bosi. Nimekulia Samuye, kwenye ukame."

Hakucheka tena. "Usiposaini, hapa huna kazi."

Nilitoka nikiwafikiria walio chini. Kila asubuhi, kwenye kikao cha usalama, mchimbaji yeyote ana haki ya kukataa kushuka akiona hatari, wala haitwi mwoga. Sikuona kwa nini haki hiyo iwe ya wenye kofia ngumu peke yao. Nilichapisha faili lote, nikaliambatisha kwenye fomu, na mahali pa sahihi nikaandika: "Nakataa. Sababu zimeambatishwa." Kesho yake niliwakabidhi wakaguzi mkono kwa mkono.

Kompyuta za feni zilirudishwa kwenye ukaguzi wiki hiyohiyo. Mimi nilihamishiwa tawi la Nyahanga, Kahama, ambako natengeneza printa. Juzi bosi alinipigia: niombe radhi, nirudi Geita.

Nilimjibu kwamba kurudi nitarudi, akinihitaji. Radhi sina.