Matangazo ya Vifo Yalipokatazwa

Siku moja kabla ya waasi kuingia mji wetu huko Kivu, mashariki mwa Kongo, nilianika mihogo uani nikimsikiliza mume wangu, Papa Neema, akisoma matangazo ya vifo kwenye redio ya pale mjini. Ndiyo ilikuwa kazi yake: fulani amefariki, mazishi ni mahali fulani, ndugu walio milimani wateremke. Mama yake, aliyeishi nasi, aliketi karibu na redio akimsahihisha kila alipokosea jina la ukoo. Mama huyo hakuwa na mtoto mwingine ila yeye.

Waasi waliingia bila risasi nyingi, maana jeshi la serikali lilikuwa limeshaondoka. Shule wakaifanya kambi. Wakaweka vizuizi barabarani, na kila Jumamosi walituswaga kwenda salongo, kuwachimbia mahandaki bila malipo. Baada ya muda tukawa tunawasalimia kwa majina.

Redioni waliruhusu muziki na taarifa zao. Matangazo ya vifo waliyakataza, kwa kuwa wengi waliokufa walikuwa wakifia mikononi mwao. Watu wakazikwa kimyakimya. Mwanamke mmoja alikuja na kuku kumtembelea kaka yake, akaonyeshwa kaburi.

Kisha jirani yetu, mkulima, akauawa kwenye kizuizi. Watoto wake walikuwa mbali, hawana habari. Mume wangu alisema atamtangaza. Nilimsihi asifanye hivyo.

Akalisoma jina, na mahali alipouawa.

Walikuja nyumbani adhuhuri.

Walimwita mtangazaji, kwa adabu, wakamwambia kamanda anataka maelezo.

Alivaa viatu. Aliniambia, "Muangalie mama."

Hakurudi.

Nilikwenda kambini kuuliza, wakasema amehamishwa. Nilipokwenda tena, wakasema hawamjui mtu huyo.

Tulikimbilia Uganda, mama mkwe, binti yangu Neema na mimi. Baada ya miaka michache katika kambi ya wakimbizi tukaletwa Minnesota, Amerika, kwenye ghorofa kuukuu la Hopkins. Nikapata kazi ya kuwaogesha wazee wa watu. Neema akakua, akawa ananijibu kwa Kiingereza. Aliwahi kuomba tumfanyie baba yake ibada ya kumbukumbu katika kanisa letu la Wakongomani kule Richfield, ili angalau tumlilie. Bibi yake alikataa.

"Maiti yake muliiona wapi?" aliuliza. Jambo lile halikuzungumzwa tena nyumbani.

Mama mkwe alifariki wakati wa theluji. Mchungaji alinipigia simu kutaka habari za kusema ibadani: alizaliwa wapi, aliolewa na nani. Mwisho akauliza marehemu ameacha watoto wangapi.

Neema alikuwa mezani, ameacha kula, ananitazama.

"Ameacha mmoja," nilisema.

Neema aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Siku ya mazishi mchungaji alisema vile vile nilivyomwambia, kwamba mama huyu ameacha mtoto mmoja wa kiume. Wale waumini waliofika Amerika juzi juzi, wasiojua habari zetu, wakawa wanageuza shingo, wanamtafuta kati yetu ili wampe pole.